Siku moja maishani mwangu: uvimbe wa ulimi unaoiga saratani

Saa 1:30 asubuhi. Trei ya slaidi iko mezani tayari. Ni vipande vilivyopokelewa juzi, vikagandishwa kwenye nta, vikakatwa vyembamba na kutiwa rangi. Mimi ni daktari wa patholojia hapa Dar es Salaam, na leo vingi vimetoka kliniki ya masikio, pua na koo.

Saa 2:15. Mama wa makamo, kinundu kigumu ubavuni mwa ulimi, hakiumi. Chini ya fomu kumeandikwa "saratani?" Natazama kwenye hadubini. Utando wa juu umeteremsha mizizi mirefu ya seli bapa hadi ndani ya nyama. Ukiishia hapo utaandika saratani bila kusita. Nashuka chini zaidi, na huko ndiko kwenye jibu: seli kubwa za waridi, viini vidogo, zimejaa chembechembe, zimejipenyeza katikati ya misuli.

Ni uvimbe wa seli za chembechembe. Mwanapatholojia wa Urusi, Abrikossoff, aliueleza mwaka 1926 akidhani umetokana na misuli. Leo tunajua asili yake ni seli za Schwann, zile zinazovika mishipa ya fahamu. Hutokea hata kwenye zoloto, na karibu wote si saratani. Utando ulio juu yake ndio unaochachamaa ukaiga saratani. Kwa hiyo nawasihi wapasuaji kila mara: msininyofolee juu juu! Kipande kisichofika chini kinaweza kumpotezea mtu ulimi bure.

Naomba leo PAS, rangi ya kuonyesha zile chembechembe, na kwa kesho kipimo cha S100, protini iliyomo kwenye seli za Schwann.

Saa 5. Darasa na madaktari wanaosomea ubingwa. Mmoja ananiuliza, "Dokta, uvimbe usioua una haja gani ya kuhangaikiwa hivi?" Nawawekea slaidi ya mafunzo: vinundu vya mishipa ya fahamu kutoka midomo na ncha ya ulimi wa mtoto. Vyenyewe havina madhara. Lakini vikiwa vingi hivyo, huenda jeni ya RET ina hitilafu, na saratani ya tezi ya shingo (thairoidi) huanza mapema mno kwa watoto hao. Anayevitambua mdomoni anaweza kuiwahi tezi. Nataka waondoke na hilo hata wakisahau mengine yote.

Saa 8 mchana. PAS imetoka: chembechembe zimeshika rangi vizuri, na hazikufutika kwa kimeng'enya, kama ilivyo kwa uvimbe huu. Nampigia mpasuaji.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Yule mama wa ulimi usimpangie upasuaji mkubwa. Ondoa uvimbe wote na ukingo wake, basi. Nathibitisha kesho kwa S100, ila sioni saratani."

"Nilishamwambia ajiandae kwa lolote."

"Basi mpigie leo hii, asilale tena na hofu hiyo."

Saa 9. Zimebaki tonsili na polipu za pua. Nazimaliza kabla ya saa 11.