Siku moja na watu wa "niko sawa"

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua kliniki chini ya mteremko wa michezo ya kuteleza kwenye theluji. Usiku baridi imeigandisha theluji ikawa ngumu kama saruji. Siku za hivi huwa ni vichwa na viwiko. Nakagua oksijeni, kola za shingo, betri za tochi.

Saa 3:40. Kijana wa ubao wa theluji. Ukingo wa ubao ulikwama, miguu ikasimama, kisogo kikatangulia chini. Namwambia ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Anafika Septemba, anarudi Oktoba. Mara tatu ameniuliza kama nimeiona simu yake, na simu ameishika. Mtikiso wa ubongo. Hapandi tena leo, wala kesho. Anabisha: "Lakini nilivaa helmeti!" Ndiyo, na huenda imemwokoa fuvu. Ila ubongo ukisukasuka humo ndani, helmeti haina la kufanya.

Saa 7. Chai. Imepoa.

Saa 8:15. Huyu ndiye aliyenitia wasiwasi. Mama wa makamo, kaanguka kwenye mteremko wa wanaojifunza, anacheka: "Jamani niko sawa, machela ya nini?" Nikamkumbuka mwigizaji Natasha Richardson. Machi 2009, Mont Tremblant nchini Kanada, alianguka mafunzoni, akainuka vizuri tu, akakataa kutibiwa. Siku mbili baadaye alifariki. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo.

"Mama, nipe saa moja tu. Kaa hapa tupige soga." Kila dakika 15 nammulika machoni.

Saa 8:45, sawa. Saa 9:00, kichwa kinauma "kidogo". Saa 9:10 anatapika, na mboni ya kulia inajikunja kivivu kuliko mwenzake. Nikaita helikopta. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Alinishika mkono wa koti hadi mlangoni.

Saa 11:50 jioni. Simu ya hospitali: skani imeonyesha damu, yuko chumba cha upasuaji.

Saa 12:20. Kijana wa asubuhi amekuja na rafiki yake kuchukua helmeti. Nikamwonyesha ufa kwa nyuma, mrefu kama kidole: hii ni ya kutupa. Akaigeuza, akaupitisha ukucha kwenye ufa.

"Keshokutwa je, dada?"

Rafiki yake akamvuta mkono wakatoka.