Milioni tisa za daftarini

Mkutano mkuu wa Januari 2020, Tandika, ulianza kwa mweka hazina kusoma salio: shilingi 9,400,000. Makofi yakapigwa. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na wanachama 64, ada 10,000 kwa mwezi, yaani 7,680,000 kwa mwaka endapo wote wangelipa (na wote huwa hawalipi).

Mama mmoja wa kamati ya ukaguzi akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, nikifiwa usiku wa leo, ngapi zinatoka kesho asubuhi?"

Ikaletwa taarifa ya benki: 6,100,000. Hakuna aliyeiba. Milioni mbili zilikuwa mikononi mwa wanachama waliokopa, na 1,300,000 ni ada zilizoandikwa kwenye mapato tangu mwezi zilipodaiwa, hazijaingia hata senti. Daftari lenye safu moja ya mapato huzaa hesabu hewa za namna hii. Siku ileile tuliligawa: kitabu cha fedha kiandikwe kilicho na stakabadhi tu, wadaiwa wawe na kurasa zao, na kila mwisho wa mwezi salio lilinganishwe na la benki.

Ubishi mkubwa ukawa kiwango cha akiba. Katibu alitaka wastani wa miaka iliyopita. Wastani haufai kwa misiba, maana haiji kwa mafungu sawa. Tukachukua mwaka uliotuumiza kuliko yote, kwa rambirambi tulizolipa: waliofariki ni wanachama wawili kwa 1,500,000 kila mmoja, wenza na watoto wanne kwa 1,000,000, wazazi watatu kwa 500,000. Jumla 8,500,000, zaidi ya ada zote za mwaka. Hiyo ndiyo ikawa akiba, na pengo likawa 2,400,000. Mikopo ikasimamishwa, kila rejesho lilizibe pengo kwanza. Isitoshe, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, kikundi kinachokopeshana kinatakiwa kisajiliwe kwa shughuli hiyo, nasi tulikuwa hatujasajiliwa.

Fedha zilizopo ziligawanywa kwa kasi ya kutoka. 1,500,000 kwenye laini ya simu ya kikundi, zitoshe msiba mmoja mkubwa hata benki zikiwa zimefungwa. 2,600,000 zikabaki benki, sahihi mbili kati ya tatu, kwa sababu mtia sahihi mmoja akisafiri hela hulala huku jeneza linasubiri kulipiwa. 2,000,000 zikaenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja; humo hela hutoka ndani ya siku chache. Amana ya muda maalumu tuliikataa: ukiivunja kabla ya wakati, faida unaiacha.

Waliopinga azimio walikuwa saba. Watano walikuwa na mikopo.