Swali la mzee usiku wa Ramadhani

Kama ulikuwa Mombasa Disemba ya 2000 utakumbuka Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani na Idd ikafuata nyuma yake tu, basi mimi wakati huo nilikuwa fundi mdogo kwenye duka la cherehani pale Majengo na kazi ilikuwa haiishi, huku kanzu za Idd, huku magauni ya Krismasi, twashona mpaka daku. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu, mtu wa dini hasa, na mimi Mkristo alinilea kama mwanawe, hilo lazima niliseme.

Usiku mmoja karudi kutoka tarawehe akaniuliza, tena bila kejeli, "Kijana wangu, hebu niambie. Mtoto azaliwe, anyonye, alale usingizi, halafu nyinyi mwasema huyo Yesu ni Mungu? Na ni wapi mwenyewe alipotamka, mimi ni Mungu, niabuduni?"

Hilo la pili ukikaa Mombasa utalisikia sana kwenye mihadhara, na mimi kule hunichosha, kila mtu arusha aya apate kushangiliwa. Hapa tulikuwa wawili tu. Nikamwambia mzee, sentensi hiyo kama ilivyo haimo, lakini angalia alichofanya. Nikamsimulia Marko 2, wale waliotoboa paa wakamshusha mgonjwa aliyepooza, na Yesu kabla ya kugusa habari ya miguu akamwambia dhambi zako zimesamehewa. Waandishi, yaani walimu wa sheria ya dini, wakaona amekufuru, manake nani wa kusamehe dhambi ila Mungu peke yake? Na hapo walisema kweli kabisa! Nikamuuliza, mzee, mteja ana deni lako, mimi nimwambie nenda zako deni limeisha, si utaniuliza duka hili la nani? Akasimamisha mguu kwenye cherehani. Nikaendelea, Yesu hakuwaambia mmenielewa vibaya, alimwinua yule mtu ndo wajue ana amri ya kusamehe. Na mwanafunzi wake Tomaso alipomwita "Bwana wangu na Mungu wangu", Yohana 20:28, hakumkemea.

"Na si yeye alosema Baba ni mkuu kuliko yeye?"

Yohana 14:28, imo, siwezi kuificha. Nikamwambia sisi twaamini ni Mungu kweli na mtu kweli, alikubali kushuka akawa mtumishi, iko Wafilipi 2, na huko kunyonya na kulala ndo utamu wenyewe wa habari hii, kwamba Mungu hakutuma salamu tu, alikuja mwenyewe.

Akanyamaza kidogo. "Nimekufahamu. Kulikubali siwezi, Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa." Hakukasirika, na mi sikukasirika, tukarudi kwenye vifungo vya kanzu.

Mkesha wa Krismasi nikaenda Holy Ghost Cathedral, tukafika kwenye Kanuni ya Imani, ile yenye mizizi kwenye mkutano wa Nikea mwaka 325 maaskofu walipomkatalia Ario aliyefundisha kuwa Mwana aliumbwa. "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa." Maneno ya tangu utotoni, lakini siku hiyo nilikuwa nayasema nikimfikiria mtu ninayempenda ambaye hayaamini, na machozi yakanitoka nikiwa nimesimama pale katikati ya watu.

Idd ikapita tukafungua duka. Hata sijakaa mzee akaniita, kumbe alikuwa ametafuta Biblia akasoma. "Kuna hii Marko 13, siku ile ya mwisho hata Mwana haijui. Hii nayo waisemaje?" Nikavuta kiti.