Mti Uliovuliwa Majani

Nyumbani kwangu Tanga nina mtufaha wa miaka sita, nilioupanda kwa mbegu ya tunda la Afrika Kusini. Majani tele, tunda hata la dawa hakuna. Ndiyo maana Agosti nikapanda basi hadi Mombo, na kutoka pale Noah ya kwenda Lushoto kwa mzee anayelima matufaha, magoti yamebana kwenye gunia la mtu. Njia nzima ni kona tupu, huku mwamba, huku bonde. Tulipopita Soni abiria walifunga vioo. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi.

Nilimkuta mzee mwenye shamba juu ya ngazi, anachuma majani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja na shati hilo tu?”

Nilidhani anakatia mbuzi. Kumbe anaulaza mti! Matufaha mengi ya Ulaya hutaka saa 800 hadi 1,000 za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo macho, yaani machipukizi yaliyolala kwenye matawi, yaamke. Huku kwetu mti haujui kama mwaka umeisha, majani hayapukutiki. Basi baada ya kuvuna, mzee huuvua nguo mwenyewe, na wiki chache baadaye maua hutoka. Kila jani hulishika kwenye kikonyo, akalivuta taratibu ili jicho lililo chini yake libaki. Nilipojaribu, jicho likatoka na jani.

“Hilo lilikuwa tunda lako,” akasema.

Matawi yake yamefungwa mawe kwa kamba za mkonge, yakalala. Tawi lililosimama hukimbilia kurefuka tu, lililolala huweka maua. Aina zake ni Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden ya Bahama, ambazo huridhika na baridi kidogo. Huzipanda jirani kwa sababu Anna huhitaji chavua ya mwenzake. Zote ni miche ya kubebesha, yaani kijiti cha mti mzazi kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Nikamwambia habari ya mbegu yangu, akacheka mpaka ngazi ikatikisika: mbegu ya tufaha haimfuati mama yake.

Nikaomba miche miwili.

“Ya Tanga? Mwanangu, si upande ndimu?”

Aliniuzia, lakini kwa shingo upande. Tuliposhuka Mombo joto likatupokea mlangoni, nikaimwagia miche maji yangu yote ya kunywa.