Asmini za Málaga

Jumamosi ya kwanza ya Septemba 2018 niliamka Málaga, mji wa bandari ulioko kusini mwa Hispania, huku upepo ambao wenyeji huuita terral ukivuma tangu alfajiri. Nilikuwa nimewasili usiku uliotangulia kwa treni kutoka Madrid, safari ya kiasi cha saa mbili na nusu, baada ya majuma mawili ya mafunzo ya kikazi, na shauku yangu kubwa ilikuwa kuiona bahari. Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kwetu upepo wa nchi kavu tunauita umande. Huvuma usiku, hupoza mji, na ndio unaowatoa wavuvi kwenda baharini. Terral nao hutoka nchi kavu, lakini hushuka kutoka milimani ukiwa mkavu na wa moto, hata nilipofungua mlango wa hoteli nilidhani kwamba kuna mtu aliyewasha tanuri barabarani.

Nilipanda mapema kwenda Alcazaba, ngome iliyojengwa na watawala Waislamu katika karne ya 11, juu ya kilima kinachoitazama bandari. Chini yake umelala ukumbi wa maonyesho wa Warumi, uliogunduliwa mwaka 1951, na wajenzi wa ngome walichukua nguzo za Warumi hao wakazitia katika malango yao, kwa hiyo mtu anayepanda hupita kwenye tao la Kiarabu lililobebwa na mawe ya watu wengine kabisa. Ndani mna michungwa, mikomamanga na mifereji myembamba ya maji inayopita katikati ya sakafu, na nilikaa kwenye kivuli nikiyasikiliza maji hayo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kibao kimoja kilinikumbusha kwamba mwaka 1487, baada ya kuzingirwa kwa miezi kadhaa, mji ulisalimu amri kwa mfalme na malkia Wakatoliki, na wengi wa wakazi wake wakatiwa utumwani. Mtoto wa Pangani hawezi kusoma habari ya namna hiyo akapita tu, kwa kuwa mto wetu nao uliwapakia watu waliouzwa. Nilishuka polepole.

Nyumba alimozaliwa Picasso mwaka 1881 ipo karibu na hapo, katika uwanja wa Merced, na foleni yake ilikuwa ndefu. Niliitazama kwa nje, nikaenda sokoni.

Soko la Atarazanas lilinigusa zaidi kuliko jambo lolote nililoliona asubuhi hiyo. Jengo lake la chuma ni la karne ya 19, lakini lango lake kuu la marumaru lilibaki kutoka kwenye karakana ya meli iliyokuwa hapo katika karne ya 14, enzi ambayo maji ya bahari yalifika mpaka ukutani. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya nyumba ya kazi za mikono, na ndani yake limo neno lile lile lililotupatia sisi sanaa. Juu ya tao kuna ngao ndogo zenye maandishi ya Kiarabu yanayosema kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nilisimama chini yake nikayasoma kwa sauti ya chini, kama nilivyofundishwa chuoni utotoni, huku watu wakinipita na vikapu vyao vya nyanya.

Ndani kulikuwa na pweza, ngisi, kamba, lozi na zabibu kavu, na embe zilizolimwa mashariki ya mji huo huo, jambo ambalo sikulitegemea Ulaya. Muuzaji mmoja alinitajia bei ya zafarani, naye akaiita azafrán. Mwingine akanionyesha sukari, azúcar. Nilipomsikia mama mmoja akimlalamikia mwenzake juu ya mtu aliyemwita fulano, nilielewa mara moja kwamba anamsema fulani, na sikuhitaji kamusi. Kwenye kaunta ya pembeni nilikula boquerones, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu, waliokaangwa wakakauka na kukamuliwa limau. Niliwala na mifupa yao.

Ilipofika saa kumi na moja jioni nilikwenda kwa basi hadi Pedregalejo, mtaa wa zamani wa wavuvi, ambako sardini hubanikwa ufukweni. Mashua kuukuu hujazwa mchanga, na juu ya mchanga huo huwashwa moto wa kuni. Mpishi alikuwa mzee mwembamba mwenye viganja vilivyobabuka. Alichukua samaki sita akawapitisha kwenye kijiti cha mwanzi kilichochongwa, akihakikisha kwamba kijiti kinapita chini ya uti wa mgongo na si juu yake, kwa sababu nyama ikiiva na kulainika ni uti huo unaomzuia samaki asianguke motoni. Kisha akawatia chumvi ya mawe, akauchomeka mwanzi mchangani kwa kuuinamisha, upande unakotoka upepo, ili samaki wapate joto bila kufukizwa na moshi. Nilimtazama kwa heshima kubwa. Babu yangu alibanika samaki kwa ubano wa kijiti cha mnazi kilichopasuliwa, na yeye pia kabla ya kuwasha moto aliinua uso kwanza kuupima upepo.

Watu wa pale husimulia kwamba mfalme Alfonso XII alipokuja mwaka 1885 aliletewa sardini hao akashika kisu na uma, na mpishi akamwambia kwamba hawaliwi hivyo, huliwa kwa vidole. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Nilikula vijiti viwili kwa mkono, nikinawa kwa maji ya limau, mpaka jua lilipoanza kuteremka.

Nilirudi katikati ya mji saa mbili usiku, kukiwa bado na mwanga, na katika mtaa wa Larios nikakutana na harufu kabla ya kumwona aliyeibeba. Alikuwa mwanamume mwenye shati jeupe, suruali nyeusi na mshipi mwekundu wa kitambaa kiunoni, ameshika jani nene la mpungate lililochomekwa mashada meupe ya mviringo. Zilikuwa asmini. Wao huliita shada hilo biznaga. Kwa Kihispania changu kidogo nilimwuliza linavyotengenezwa, naye akanieleza kwamba ua la mmea fulani wa porini hukatwa likiwa bichi, likaambuliwa na kukaushwa hadi kubaki vijiti vyake tu, kisha kila kijiti huvishwa tumba moja la asmini lililochumwa kabla halijafunguka. Jioni matumba hufunguka yote kwa pamoja. Nilinunua moja, nikakaa kwenye benchi, nikampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Mama yangu ametunga vikuba vya maharusi kwa zaidi ya miaka arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuchuma asmini alasiri na kukatazwa kuzibana mkononi. Nilimwonyesha shada kwenye simu. Alilitazama kwa makini, akaniomba niligeuze, kisha akauliza mbona hakuna rehani wala mkadi ndani yake. Nilimweleza kwamba ni asmini peke yake, haitungwi kwa uzi, na aliyeitengeneza ni mwanamume. Hilo la mwisho lilimnyamazisha kidogo.

“Ana mkono mwepesi,” alisema hatimaye. “Hajachubua hata moja. Basi usiitie maji, zitabadilika rangi. Iweke karibu na mto unapolala.”

Niliiweka karibu na mto, nikazima taa. Terral ulikuwa umetulia na upepo wa baharini umeanza kuingia dirishani, na nilipozinduka usiku wa manane chumba kizima kilikuwa kimejaa harufu ya nyumba ya harusi.