Mteja wa Saa Saba Usiku

Kazi yangu ni mlangoni, kwenye klabu moja ya wacheza uchi kusini mwa Seattle. Baunsa. Mama yangu kule Tanga anajua mimi ni mlinzi, na ni kweli. Hajawahi kuuliza nalinda nini, nami sijaona haja ya kumchosha.

Watu wengi, hasa sisi tuliotoka nyumbani, hudhani wale wasichana wanalipwa na klabu. Thubutu! Klabu nyingi za Marekani humhesabu dansa kuwa mtu aliyejiajiri, kwa hiyo yeye ndiye anayelipa ili afanye kazi. Akiingia tu, kabla hajavua hata koti, ameshaandikiwa ada ya usiku ule. Hapa jimbo la Washington kulikuwa na kituko kingine: klabu hizi zilikatazwa kuuza pombe. Miaka yote ilikuwa soda na maji. Sasa niambie, mwenye klabu asiyeuza bia faida aliitoa wapi? Aliitoa kwenye kiingilio na kwenye mikoba ya wasichana. Usiku ukidorora, ada isipotimia, liliandikwa deni, na kesho yake deni lile lilikuwa palepale linakusubiri na ada mpya juu yake. Mtu alicheza usiku kucha juu ya viatu virefu, akaondoka alfajiri anadaiwa.

Machi 2024 Gavana Jay Inslee alitia saini sheria ambayo madansa wenyewe waliipigania, wakiwa na kundi lao la Strippers Are Workers. Iliweka ada isizidi dola 150 au asilimia 30 ya alichopata zamu hiyo, kile kilicho kidogo. Klabu haziruhusiwi tena kumrundikia faini za kuchelewa kulipa. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na mlango wa namba za siri. Pombe nayo ikafunguliwa njia. Ni sheria nzuri, na wenye klabu walinuna.

Ila kodi ya nyumba ya Seattle haikusaini chochote. Msichana mwenye mtoto na gari bovu bado anaingia kazini akiwa na hesabu kichwani, na kuna mteja anayekuja kwa ajili ya hesabu hiyohiyo.

Huyo huwezi kumkuta Ijumaa. Anakuja Jumanne, mvua ya Januari inanyesha, saa saba usiku, ukumbini wamebaki watu sita. Anakaa mbali na jukwaa ili asilazimike kumtuza mtu. Ananunua kinywaji kimoja. Anaangalia nani amekaa muda mrefu bila kuitwa. Yule msichana akimfikia, swali lake la kwanza ni la upole kabisa: leo kazi imekwendaje? Ukisikia kwa mbali utasema huyu bwana ana utu. Anapima. Msichana akijibu kwamba leo pamelala, bei imeshakatika. Wimbo mmoja wa faragha, yaani msichana kumchezea mteja peke yake mpaka wimbo uishe, kwetu ni dola 40. Yeye atasema 20. Msichana atatazama saa, atatazama mlango kama kuna anayeingia, kisha atainuka.

Shemeji yangu, ambaye anaendesha teksi uwanja wa ndege, haoni tatizo. Tulibishana nyumbani kwake, chai mezani, dada yangu akijifanya hasikii.

“Shemeji, soko ni soko. Hata samaki pale Deep Sea, soko la samaki kwetu Tanga, ikifika jioni bei inashuka. Kwani umemlazimisha? Kakubali mwenyewe.”

Nikamwambia samaki hata umnunue kwa bei ya kutupa, unapata samaki yuleyule. Huyu mteja wa saa saba hataki kitu kilekile kwa bei ya chini. Akishapewa kwa 20, mkono unaanza kutembea. Anajua sheria za ndani, zimebandikwa ukutani, na mchana angemwuliza msichana yuleyule angekataliwa mara moja. Ila anajua pia kwamba usiku huu, kunipungia mimi mkono nije ni kupoteza ile 20. Kwa hiyo anasogeza mpaka kidogo kidogo. Bei ndiyo mlango tu. Kukubali anakokuzungumzia shemeji hakukuwepo saa mbili zilizopita, na hakutakuwepo Ijumaa ukumbi ukijaa.

Hapa ndipo kazi yangu inaponitia kichefuchefu. Mimi ndiye ninayehesabu nyimbo. Mtu akitoka chumbani akasema alichezewa mbili na msichana anasema nne, naitwa kuamua, na mara nyingi ni hawahawa wa saa saba. Mmoja alisimama ananibishia kwamba wimbo wa tatu DJ aliukata, hivyo hauhesabiki. Pembeni yake msichana alikuwa ananyoosha noti za dola moja juu ya goti, zimelowa jasho, anazipanga vichwa upande mmoja, midomo inatembea. Alikuwa hajapata cha kutosha. Nilimwambia yule bwana nyimbo ni nne na mlango wa kutokea ni ule. Alilipa. Siku hizi anakuja siku nisizokuwepo.

Kuna na wa aina ya pili, ambaye watu humsifu: mfadhili. Huyu hapunguzi bei, anaongeza. Anataka kumlipia kodi, kumtengenezea gari. Mwezi wa kwanza ni zawadi. Mwezi wa pili anataka jina lake la kweli, wa tatu anauliza kwa nini hakupokea simu. Nimeshamsindikiza dansa mpaka kwenye gari lake kwa sababu mfadhili alikuwa ameegesha jirani, taa zimezimwa. Nikilazimishwa kuchagua kati ya wawili hawa, nitamwogopa zaidi huyu.

Shemeji alinigeukia hapo: “Na wewe je? Si wanakukatia chochote mwisho wa zamu?” Wananikatia, ndiyo. Desturi ya kazi ni dansa kumkatia kitu DJ na baunsa kabla ya kwenda nyumbani. Aliye na usiku mbaya namwambia aweke mfukoni, na wengine hukasirika kabisa, wanataka kutoa kama wenzao, wanatoa. Nachukua. Sina jibu safi la hilo, na sikumpa.

Akaniuliza basi mtu afanyeje, asiende? Nikamwambia sijasema hivyo, mimi nakula hapo. Nenda Ijumaa. Badilisha hela mlangoni upate noti ndogondogo. Ukikaa mbele ya jukwaa, tuza. Hutaki kutuza, kaa nyuma. Kama hununui wimbo, sema hapana dakika ya kwanza, maana kila dakika unayomkalisha kwa maneno matamu ni mteja mwingine amempita. Ukitaka mazungumzo tu, lipia muda wake uongee. Bei uliyotajiwa ndiyo bei. Na usimuulize usiku umekwendaje.

Dada yangu akacheka kule jikoni, halafu akamuuliza mumewe kwani hizo noti ndogondogo anataka za nini.