Nilivyoomba ada kabla ya kura

Amri ya Rais Trump ilitoka usiku wa Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, mfungo ukiwa umebaki siku mbili. Nilikuwa nimeshafuturu, watoto wamelala, nami nakanda unga wa chapati za daku, simu ikaanza kulia mfululizo juu ya friji. Niliishika kwa mkono wenye unga. Amri ilikuwa ndefu. Ilitaja wizara na idara nyingi za serikali ya Marekani ambazo wafanyakazi wake wasingekuwa tena na haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia chama, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa. Wizara ya Mambo ya Nje, ninakofanya kazi, ilikuwamo. USAID, shirika la serikali la misaada ya nje, nayo ilikuwamo.

Wakati huo jina langu lilikuwa limeshapitishwa kugombea nafasi katika bodi ya uongozi ya AFSA, chama cha wanadiplomasia wa Marekani. Ujumbe wa mwisho niliousoma usiku ule ulitoka kwa rafiki yangu tuliyeapishwa naye siku moja. Aliuliza tu: "Sasa unagombea nini?"

Sikumjibu. Nilirudi kwenye unga.

Nimezaliwa Pumwani, Nairobi. Mama yangu alikuwa akiuza mitumba Gikomba, na likizo za shule nilikuwa nashinda naye, nakunja suruali. Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Kabla ya saa tano asubuhi tulisikia mshindo, kisha moshi ukapanda upande wa mjini. Mama hakuuliza ni nini. Alinishika kifundo cha mkono, akaacha meza na nguo zake vile vilivyo, tukaondoka. Nilikuwa na miaka 11. Baadaye ndipo tulipojua kwamba ni ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Nairobi peke yake walikufa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kwenye shughuli zao, na 12 walikuwa Wamarekani. Dar es Salaam, dakika chache tu tofauti, walikufa 11.

Miaka mingi baadaye, nikiwa raia wa Marekani na nimeajiriwa wizarani, nilijifunza jambo ambalo halijanitoka. Balozi wa wakati ule, Prudence Bushnell, alikuwa ameshaieleza Washington kabla ya shambulio kwamba jengo lile halikuwa salama. Alieleza kwa sauti yake mwenyewe na kwa cheo chake. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: kama maneno ya balozi yanaweza kubaki kwenye jalada, ya ofisa wa viza wa ngazi ya chini yatafika wapi akisimama peke yake? Hilo ndilo lililonipeleka AFSA, kabla hata ya amri ile.

Nieleze kidogo chama hiki, kwa sababu watu wengi, hata wa nyumbani kwetu, hushangaa kusikia kwamba wanadiplomasia wana chama cha wafanyakazi. AFSA ilianzishwa mwaka 1924, mwaka uleule utumishi wa nje wa Marekani ulipoundwa kwa sheria. Kwa karibu miaka 50 ilikuwa jumuiya ya kitaaluma tu. Mwaka 1971 Rais Nixon alitoa amri iliyofungua mlango wa majadiliano, mwaka 1973 wafanyakazi wakaichagua AFSA iwasemee, na mwaka 1980 Bunge likaiandika haki hiyo kwenye sheria. Hatugomi, sheria inatukataza, na kila mtumishi wa serikali kuu anakumbuka waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliofukuzwa mwaka 1981. Mshahara pia hatuujadili, umewekwa kisheria. Kilichokuwa kikijadiliwa ni taratibu: jopo la kupandisha vyeo linaangalia nini, uhamisho unaendaje, mtu akionewa anapita mlango upi. Kwa mtu wa nje ni mambo ya makaratasi. Kwetu sisi, ambao usipopanda cheo ndani ya muda uliowekwa unatolewa kazini, makaratasi hayo ndiyo kazi yenyewe. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta jalada langu limefika mbele ya jopo likiwa na taarifa pungufu. Kituo chenyewe sina haja ya kukitaja. Mwanasheria wa chama alikaa nami jioni mbili, akanionyesha la kuandika, na jalada likarudi mezani likiwa kamili. Sikulipa chochote zaidi ya ada yangu ya kila mwezi.

Sheria ya 1980 ilimwachia rais mwanya: anaweza kukiondoa kitengo ambacho kazi yake kubwa ni ujasusi, upelelezi au usalama wa taifa. Amri ya Machi iliorodhesha vitengo mpaka sisi wa wizarani na USAID tukajikuta karibu sote tuko nje. AFSA ilikwenda mahakamani. Hiyo ilikuwa kazi ya mawakili. Langu mimi lilikuwa swali la rafiki yangu, na bado sikuwa na jibu.

Jumapili ilikuwa Idi. Baada ya sala nilimpigia mama, nikamwamkia, tukapeana mkono wa Idi, kisha nikamweleza. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama wa Gikomba. Kila Ijumaa walichanga, kila wiki mmoja akapokea, na yeye akaandika kwenye daftari la Kasuku lililochakaa pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Hizo pesa za chama chenu nani alikuwa anakusanya?"

Nikamwambia zinakatwa kwenye mshahara, na mwajiri ndiye anayekata.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mwanangu, mwenye duka ndiye aliyekuwa akishika daftari lenu."

Kisha akanikumbusha mwaka ule soko lilipoungua. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka majivu. Ijumaa iliyofuata, kina mama walikutana chini ya ngazi za nyumba ya mmoja wao. Wengine hawakuwa na bidhaa hata moja. Mama alifungua daftari, akasoma majina yote kama kawaida, na kila aliyeitwa akatoa alichokuwa nacho, hata kama ni nusu.

Baada ya amri ile, makato yetu ya ada yalisitishwa kweli. Mshahara ulikuja, mstari wa ada haupo. Kila mwanachama sasa alitakiwa kujisajili upya na kulipa mwenyewe, kwa benki au kadi yake. Nikachukua tamko langu la kampeni, lile lililojaa ahadi za tathmini na uhamisho, nikalifuta. Nikaamua kwamba yeyote nitakayezungumza naye, jambo la kwanza nitamwomba ajaze fomu ya ada. Kura nitaiomba mwisho, na kama muda umekwisha sitaiomba.

Kuamua ni rahisi. Kampeni yenyewe ina masharti yake. Vifaa vya mwajiri havigusiki: si barua pepe ya kazini, si simu ya kazini, si muda wa kazi. Wiki ya kwanza tu nilikosea. Nilituma mwaliko wa mazungumzo kwa watu tisa, na anwani moja kati ya hizo ilikuwa ya kazini, imejijaza yenyewe kwenye simu. Niliigundua usiku. Asubuhi niliiandikia kamati ya uchaguzi mwenyewe kabla mtu hajalalamika, nikaeleza lilivyotokea, nikaomba maelekezo. Tangu siku hiyo nilinunua laini nyingine na kuweka humo namba za watu binafsi peke yake. Anayetaka kugombea, naomba alifanye hili siku ya kwanza.

Saa nazo zilinitesa. Wapiga kura wetu wametapakaa dunia nzima. Watu wa Asia niliwapata saa kumi na nusu alfajiri, kabla sijaswali. Wa Afrika Mashariki na Ghuba kuanzia saa kumi na mbili, nikifunga vitafunio vya watoto. Wa Washington baada ya kazi. Nilikuwa na daftari. Sikuandika majina kamili, kwa sababu watu walikuwa na hofu na nilitaka wajue kwamba hata daftari langu likipotea hakuna atakayetambulika. Herufi mbili, saa, na alama moja: amejaza au bado.

Hofu hiyo ndiyo nilikutana nayo zaidi kuliko ubishi. Wachache sana waliniambia chama hakina maana. Wengi waliniambia, "Nikilipa jina langu litaonekana wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawajibu kwa sheria, ibara kwa ibara, na nikaona wanazidi kuniogopa. Nikabadilisha. Nikawa naeleza habari ya jalada langu, zile jioni mbili, kisha nauliza: wewe umewahi kukwama na nini? Hapo watu walifunguka. Mmoja alikuwa na mtoto anayehitaji matibabu maalumu na hajui kituo kijacho kitampokea vipi. Mwingine, wa USAID, alikuwa amerudishwa nyumbani na makontena yake yakiwa bado baharini, hajui kama mwezi ujao atakuwa bado kazini. Dada mmoja alinisikiliza dakika arobaini bila kusema lolote, kisha akasema, "Nitumie hiyo fomu," akakata simu. Alijaza usiku uleule. Sijui kama alinipigia kura, na sikumuuliza.

Kuna gharama ambayo niliijadili na mume wangu kabla ya kuchukua fomu, na nadhani kila mgombea anapaswa kuijua mapema. Sheria yetu inatenganisha chama na menejimenti kwa miaka miwili. Ukishiriki kuongoza chama katika majadiliano, milango ya baadhi ya vyeo vya menejimenti inafungwa kwako kwa kipindi hicho hata baada ya kutoka. Kwa umri wangu, miaka hiyo ndiyo watu wanayopandia. Mume wangu aliniuliza swali moja tu: je, nikikosa cheo nitakilaumu chama, au nitamlaumu yeye? Nilikaa nalo siku tatu. Nilipomwambia sitamlaumu yeyote, nilikuwa namaanisha, na mpaka leo namaanisha.

Tarehe 14 Mei Jaji Paul Friedman wa mahakama ya Washington aliizuia amri ile kwa upande wetu wakati kesi ikiendelea. Simu zangu zilipokewa kwa furaha wiki ile, na ndiyo wiki ngumu kuliko zote kukusanya ada. Watu walihisi mambo yamerudi. "Si tumeshinda? Ngoja makato yarudi." Nililazimika kuwaambia ukweli: zuio ni la muda, na serikali inakata rufaa. Wenzangu wawili kwenye kampeni waliona navunja watu moyo wakati ambapo ningeweza kutembea na habari njema mpaka siku ya mwisho ya kura. Huenda nilipoteza kura. Lakini nisingeweza kumwambia mtu kwamba chakula kimeiva huku naona sufuria bado haijachemka.

Matokeo yalikuja mwanzoni mwa Juni. Nilipita, kwa kura chache kuliko nilivyotarajia. Tarehe 20 Juni Mahakama ya Rufaa ikasimamisha lile zuio, amri ikarudi kufanya kazi. Sasa nilikuwa nimechaguliwa kuongoza chama ambacho mwajiri hakuwa na wajibu wa kukaa nacho mezani. Rafiki yangu wa lile swali la Machi alinipigia jioni ile. Hakuniuliza tena nagombea nini. Alisema amejaza fomu, na amewajazisha watu wanne wa kituo chake.

Tarehe 11 Julai, kabla bodi mpya hatujashika kazi, barua za kupunguzwa zilitoka. Zaidi ya watu 1,300 wizarani kwa siku moja, 246 kati yao wanadiplomasia kama mimi. Alasiri nilishuka ukumbi wa mlango wa wizara, upande wa C Street, Washington. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga pande mbili wakiwapigia makofi wenzao wanaotoka na maboksi. Ukutani, nyuma ya watu, kuna vibao vya majina ya waliofia kazini nje ya nchi. AFSA ndiyo inayovitunza, na cha kwanza kilizinduliwa mwaka 1933. Majina ya Nairobi yamo. Siku zote nikipita pale huyasoma. Siku ile sikuyafikia, watu walikuwa wengi mno, na mwanamke mmoja aliyebeba mmea kwenye chungu alisimama mbele yangu akaniuliza kama mimi ndiye yule wa fomu za ada.

Nikamwambia ndiye.

"Wanasema nina siku 120 kabla ya kuondolewa," akasema. "Zinaanza leo au Jumatatu? Na bima ya watoto?"

Nilimpokea chungu ili apate mkono wa kushika barua yake, tukavuka barabara hadi ofisi ya AFSA pale E Street, na njiani nikafungua daftari nikaandika herufi zake mbili na saa. Tulikuta watu sita mbele yetu kwenye foleni. Tulipoingia, niliyemkuta mezani alikuwa yuleyule mwanasheria wa zile jioni mbili, mikono ya shati imekunjwa, anamwambia mtu aliyekuwa mbele yake aanze kusoma barua tangu mstari wa kwanza, polepole.